Mama Anayefunga Leso

Ukitoka Kisii mjini kwenda Tabaka, jaribu kupata dirisha la kushoto. Najua naomba mengi. Gari la njia hiyo ni Probox, na katika Probox ya Kisii hupati dirisha, unapata nusu ya kiti na goti la mtu. Mara ya kwanza nilipopita nilikuwa nimebanwa katikati, kuku miguuni, na nilichobahatika kuona kilidumu sekunde tatu hivi: mwanamke wa jiwe kando ya barabara, kichwa ameinamisha, mikono miwili imekutana kifuani. Nikasema kimoyomoyo, haya, Bikira Maria mwingine. Nikarudi kwenye simu yangu.

Jioni tulirudi kwa njia ile ile. Safari hii nilimwona kwa nyuma. Kumbe alikuwa na mtoto mgongoni.

Kesho yake nikachukua boda nikaenda kumtazama vizuri. Nimekwenda mara tatu sasa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sanamu bora ya kidini niliyowahi kuiona kando ya barabara zetu, iwe Kisii au Nyamira. Pia ni sanamu iliyokataliwa na kanisa lililoiagiza. Nadhani ubora wake na kukataliwa kwake vimetoka mahali pamoja, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza nieleze ilivyo. Ni jiwe moja, halina kiungo. Ukihesabu na kitako chake, inanifika begani. Rangi ni ya maziwa, na mishipa ya waridi inapita ndani yake kama damu iliyochanganywa na maji mengi. Ukisimama mbele unaona kile anachotarajia kila Mkatoliki: mtandio kichwani, macho yanayotazama chini, mikono ya sala. Ukisogea hatua mbili kulia, sala inaharibika. Vidole havijanyooka. Vimekunjwa, kimoja kimeingia chini ya kingine, na katikati yake kuna fundo. Anafunga leso. Mgongo ameuinamisha mbele, vile unavyoinama ukishamtupia mtoto mgongoni na bado huna uhakika kwamba ametulia. Ukizunguka zaidi unamkuta mtoto mwenyewe: shavu limelala, mdomo wazi, usingizi mzito. Mguu mmoja umechomoza nje ya leso, mwingine umebaki ndani.

Mimi nilimbeba mdogo wangu mgongoni nikiwa na miaka minane, kwa hivyo dakika hiyo naijua. Kuna wakati mikono yote miwili iko kwenye fundo na hakuna mkono uliobaki wa kumshika mtoto. Kinachomzuia asianguke ni mgongo wako tu na jinsi ulivyoinama. Ukikohoa, shauri yako. Fundi alikuwa na nafasi ya kuchagua dakika nyingine yoyote ya maisha ya mama na mtoto, na akachagua hii.

Sasa Tabaka. Iko Mugirango Kusini, na kama umewahi kununua kiboko wa jiwe, kibao cha sabuni au seti ya chesi kwenye duka la watalii Nairobi, huenda ulibeba kipande cha vilima vyake. Jiwe la Kisii ni laini kiasi kwamba hukatwa kwa panga na msumeno wa kawaida. Kwa desturi wanaume huchimba na kuchonga, wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka lilainike, kisha hupakwa nta ling'ae. Vumbi lake jeupe liko kwenye majani ya migomba na kwenye kope za watu. Msanii anayejulikana zaidi kutoka huko ni Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Tabaka pia ni mahali pa Wakatoliki. Kuna parokia, kuna hospitali ya misheni, na kwa miaka mingi mafundi wamechonga Familia Takatifu na seti za Noeli, na Mamajusi wao na ng'ombe wao, zikafungwa kwenye maboksi na kusafirishwa Ulaya na Marekani. Lakini ingia kwenye groto za makanisa yetu. Groto nilizozijua mimi zina Bikira wa plasta, mweupe, kanzu nyeupe, mshipi wa buluu. Yaani Maria wa jiwe letu anapanda ndege kwenda kukaa kwenye kabati la sebule ya mtu Ujerumani, na sisi tunapiga magoti mbele ya aliyefinyangwa kwa mfano wa huko. Mama yangu anachuna majani chai Nyamira, kwa hivyo habari ya kitu kizuri kupelekwa ng'ambo na sisi kubaki na kingine si mpya kwangu. Kwa Bikira tu ndio sikuwa nimeiwaza.

Fundi aliyechonga sanamu hii aliniomba nisimtaje jina, kwa sababu bado anatarajia kazi za makanisa. Hadithi yake ni fupi. Parokia moja, mbali na hapo, ilitaka Maria na Mtoto kwa groto yake mpya, na ikataka awe wa jiwe la Kisii. Tuwape haki yao: walikuwa wameshaamua kuachana na plasta. Walilipa malipo ya mwanzo. Baada ya miezi kadhaa kamati ikaja na kanta. Mwenyekiti akasimama mbele ya sanamu, akaitazama, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala," fundi akamjibu.

Wakazunguka, wakamwona. Wakajadiliana karibu nusu saa, fundi akiwa amesimama pembeni na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Mmoja alisema haiwezekani Mama wa Mungu ampe Mwanawe mgongo. Mwingine alitoa hoja ambayo nimeifikiria sana tangu niliposimuliwa. Alisema groto ina ukuta nyuma. Wakimweka pale, waumini watakuwa wanamsalimu mwanamke asiye na mtoto, na mtoto atakuwa anatazama mwamba maisha yake yote. Wakaondoka. Malipo ya mwanzo hawakuyadai. Baadaye akasikia wamenunua wa plasta.

Barabarani alifika hivi: watu sita walikuwa wamembeba kutoka kibandani kumpeleka kwenye kanta, na nguvu zao ziliishia hapo. Hakuna aliyemweka pale ili aonekane. Siku hizi vijana wa boda wamepafanya stendi. Mtu anasema "nishushe kwa Mama," na anashushwa.

Wacha niichukulie kamati ile kwa uzito, maana ni rahisi kuwacheka. Kuna namna ya kale ya kumchora Maria ambayo Wagiriki waliiita Hodegetria, anayeonyesha njia. Amemshika mtoto mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamwelekeza mtazamaji kwake, kama kusema, usinitazame mimi, mtazame huyu. Sanamu na picha nyingi za Maria na Mtoto, hata zile za kadi za Noeli, zina kitu cha mpango huo ndani yake. Mama ni kiti, mtoto ni mfalme, na sisi tuko mbele kama watu waliokuja kusalimia. Groto imejengwa kwa mpango huo huo. Ina mbele moja tu.

Sanamu ya Tabaka imeacha kuonyesha. Huyu mama haelekezi mtu kwa mtoto wake, wala hajui kama upo. Ana shughuli, ana safari, na mtoto ni mzigo wake kwa maana nzuri ya neno mzigo. Ukitaka kumwona Yesu, lazima wewe ndio utembee. Kamati ilitaka mama anayemwonyesha mtoto, ikaletewa mama anayembeba. Fundi alikuwa amesahau kwamba groto ina ukuta, na hilo ni kosa la kweli, kosa la mtu ambaye hakwenda kuona kiwanja. Ila barabara haina ukuta. Kinachomfanya asifae kwenye groto ndicho kinachomfanya afae pale alipo, ambapo asubuhi anayekwenda Tabaka humwona mwanamke anayeomba na jioni akirudi humwona mtoto aliyelala.

Kuhusu ile hoja ya kumpa Mwana mgongo, nakubali sikuwa na jibu siku ile. Mimi si msomi wa sanaa. Chuo niliacha mwaka wa pili, na mengi ya haya nimejifunza usiku kwa bando. Lakini chukua yule wa plasta mwenyewe, ambaye kamati ilimrudia. Sura yake inatoka Lourdes, Ufaransa, ambako mwaka 1858 msichana maskini aitwaye Bernadette alisema ametokewa na bibi pangoni. Mwaka 1864 iliwekwa pale sanamu ya marumaru iliyochongwa na Joseph-Hugues Fabisch, na groto za dunia nzima zikaiga hiyo. Bernadette alipoiona hakuridhika. Haikufanana na aliyemwona. Yaani mfano tunaoulinda kama wa asili ulikataliwa na mtu pekee aliyedai kujua asili ilivyokuwa. Na kuna jambo jingine: kwa maelezo ya Bernadette, yule bibi hakusema naye Kifaransa cha Paris. Alisema lugha ya kijijini kwao, lugha ambayo wenye shule waliidharau. Kama ndivyo alivyofanya kwao, si ajabu akija Gusii afunge leso.

Karibu na kwetu kuna Kibeho, Rwanda. Huko mambo yalianza Novemba 1981 kwa msichana wa shule ya sekondari, na mwaka 2001 askofu wa huko akatangaza kwamba kanisa linakubali matokeo hayo. Alipoulizwa kuhusu rangi ya bibi aliyemwona, msichana huyo alisema hakuwa mweupe kama anavyoonekana kwenye picha takatifu. Hakusema pia kwamba alikuwa mweusi kama wao. Nalipenda jibu hilo kwa sababu linatunyima wote ushindi, anayetaka Maria wa Lourdes na anayetaka Maria wa Kisii. Sanamu ya Tabaka nayo haijajaribu kushinda kwa rangi. Jiwe ni la maziwa na waridi, basi. Uafrika wake uko kwenye fundo.

Hata hivyo, sitaki kuisifu hadi niidanganye. Uso wake ni mbaya. Si kwamba hauvutii. Shida ni kwamba nimeuona mara elfu. Ni ule uso mrefu, laini, usio na maoni, ulio kwenye kila sanamu ya "familia" inayouzwa Tabaka na barabarani kwenda Mara. Mkono uliochonga vile vidole ulipofika usoni ulirudia kazi ya kila siku. Miguu nayo ni matofali mawili. Nilipomwambia fundi habari ya miguu, alicheka akasema, "Hapo nilikuwa nimechoka." Habari ya uso alinyamaza, kisha akasema wanunuzi huupenda uso huo. Nadhani alijibu kweli. Ukichonga kwa ajili ya duka miaka thelathini, mkono wako unajua uso ambao hautarudishwa.

Cheki pia mgongoni. Shavu la mtoto limelainishwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya jiwe, hadi linaonekana lina unyevu. Aliyelisugua ni mke wa fundi, na alilirudia siku tatu. Tukizungumzia sanaa ya Tabaka tunataja wachongaji, wanaume, na wanawake wa beseni tunawapita kama sehemu ya usafi. Hapa huwezi kuwapita. Kazi hii ni ya watu wawili, na sehemu iliyo hai kuliko zote aliimaliza yeye.

Kuna jambo nimekuwa nikilikwepa. Nimelelewa Msabato. Gusii yetu iligawanywa mapema: Wakatoliki walianza Nyabururu mwaka 1911, na miaka hiyo hiyo ya mwanzo Waadventista wakaanza Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Tangu hapo tunaishi bega kwa bega na Amri Kumi zisizohesabiwa sawa. Kwetu, kutochonga sanamu ni amri ya pili, imesimama peke yake. Kwa Wakatoliki imo ndani ya ya kwanza, na Sabato inakuwa ya tatu badala ya nne. Nikiwa mdogo nilidhani jirani zetu wamefuta amri moja ili wapate nafasi ya sanamu. Nilikuwa napita mbele ya groto nikitazama viatu vyangu.

Kwa hivyo naelewa woga wa sanamu ya barabarani. Ya kanisani unaiingilia kwa hiari yako. Ya barabarani inakuingilia wewe. Agosti 2014, Kisumu, jamii ya Wasikh iliweka sanamu ya mpiganaji wao kando ya barabara kuadhimisha miaka mia moja ya kuwepo kwao mjini. Watu waliandamana, viongozi wa makanisa wakiwemo, wakisema ni ya kishetani. Iliharibiwa, kisha ikaondolewa. Nilitarajia kusikia kitu kama hicho kuhusu Mama wa Tabaka, kwa sababu majirani wengi wa fundi ni Wasabato kama sisi. Sijakisikia. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri gari pale, Biblia mkononi, kama hasumbuliwi na sanamu ya Bikira. Akaniuliza, "Bikira gani?" Akageuka akamtazama. "Huyu anaenda sokoni."

Basi hapo nimefika kwenye tatizo. Jiwe lile ni mali. Fundi ana watoto shuleni, na ameniambia bila kuzunguka kwamba ikifika Desemba hajapata mnunuzi atamkata. Alinionyesha kwa kidole msumeno utakapopita: kwanza shingoni, kisha kiunoni. Atatoa vibao vya sabuni na viboko vya kutosha kujaza boksi, na vinauzika. Sikumlaumu. Niliuliza bei yake akiwa mzima. Ni bei ya haki, na sina.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani Nyamira. Mama alikuwa nje akichambua mboga, nikaketi naye, nikamwonyesha picha ya kwanza, ya mbele. Hakuchukua simu. Akasema, "Hiyo ni ya Wakatoliki," akaendelea na chinsaga yake. Nikasogeza kwenye picha ya pili, ya nyuma. Akafuta mikono kwenye leso, akaichukua simu, akaikuza kwa vidole viwili jinsi nilivyomfundisha.

"Huyu mtoto kichwa kimetoka nje," akasema. "Ataumia shingo. Angeivuta leso juu kwanza, ndio afunge."

"Mama, ni jiwe."

"Naona ni jiwe. Lakini aliyelichonga hajawahi kubeba mtoto."

Nilirudi kuitazama ile picha na nikaona ana haki. Nilikuwa nimelisifu fundo mara tatu na sikuwa nimeona kwamba leso inaishia chini ya mabega. Jioni nikampigia fundi simu, nikampa maoni ya mama yangu. Akakaa kimya kidogo, nikasikia mtu akisugua kitu nyuma yake, sauti ya msasa na maji. Akasema mke wake alimwambia hivyo hivyo tangu siku ya kwanza, ila wakati huo alikuwa ameshakata, na jiwe haliongezwi.

Bado hajamgusa. Kama unajua mahali penye uwazi pande zote nne, kliniki ya wajawazito, uwanja wa shule, kona ya soko, hata kanisa lenye kiwanja kipana, uliza pale stendi ya kwa Mama, utaonyeshwa kibanda. Ukienda, shuka kabla hujamfikia, mwone kwanza akiwa anaomba. Halafu zunguka.